Picha Bila Maelezo ni Mali Bila Daftari

Kila ufikapo msimu wa ziara za shule, mabasi ya wanafunzi hupanda barabara ya Karatina na Nyeri yakielekea Mlima Kenya. Ndani yake mna walimu, wanafunzi na simu za rununu zenye kamera ambazo babu zetu hawakuziota. Jioni basi hurejea na mamia ya picha. Lakini mtu akizitazama picha hizo mwaka mmoja baadaye, atagundua kwamba karibu zote ni za nyuso. Yupo fulani mbele ya kibao cha ikweta pale Nanyuki, yupo mwenzake mbele ya lango la hoteli, na wapo kumi waliokumbatiana mbele ya ukuta ambao hakuna awezaye kusema ni wa jengo gani. Mji wenyewe waliokwenda kuuona haumo.

Si dhambi mtu kujipiga picha. Kijana ana haki ya kuifurahia safari yake. Hata hivyo, msafiri mwenye kamera amebeba jukumu ambalo aghalabu halijui. Yeye ni shahidi. Yale aliyoyaona leo huenda kesho yasiwepo, na ikiwa hakuyanasa wala hakuyaandikia maelezo, hakuna atakayejua kwamba yaliwahi kuwapo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Miji yetu ya mlimani, majengo yake makuukuu na sura ya nchi yenyewe ni mali hiyo, na daftari lake mpaka sasa limeandikwa zaidi na wageni.

Tuanze na thamani ya picha. Mnamo Januari 1943, Mwitaliano Felice Benuzzi, aliyekuwa mfungwa wa vita katika kambi nambari 354 pale Nanyuki, alitoroka pamoja na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakukusudia kukimbilia kwao, bali kuupanda mlima ambao walikuwa wakiutazama kupitia seng'enge za kambi. Ramani hawakuwa nayo. Moja ya misaada yao michache ilikuwa picha ya mlima iliyochorwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Ikiwa karatasi ya mkebe iliweza kuwaelekeza watu waliokuwa wakihatarisha maisha yao, picha iliyopigwa kwa uangalifu itashindwa na nini?

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 13 Septemba 1899, mwanajiografia wa Uingereza, Halford Mackinder, alifika kilele cha Batian. Katika msafara wake alikuwamo Campbell Hausburg, ambaye alipiga picha za vilele na za mito ya barafu iliyoteremka kati yake. Wakati ule picha hizo zilikuwa kumbukumbu za safari tu. Leo wanasayansi huziweka kando ya picha za siku hizi ili kupima jinsi barafu ilivyorudi nyuma. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na mito ya barafu 18 mlimani. Mingi imetoweka kabisa, na ule mkubwa uitwao Lewis umebaki kipande kidogo kilichokatika. Mzee anaposimulia kwamba zamani mlima ulikuwa mweupe kuliko sasa, kijana anaweza kudhani ni maneno ya uzee. Picha ya 1899 humnyamazisha mwenye shaka. Aliyeipiga hakujua kwamba anaandika ushahidi. Alichofanya ni kusimama mahali panapojulikana, siku inayojulikana, akapiga picha ya kile kilichokuwa mbele yake.

Sasa tujiulize: ni nani aliyezipiga picha za kwanza za nchi ya Nyeri, na ziko wapi? Waingereza wawili, Scoresby Routledge na mkewe Katherine, waliishi sehemu hizi mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1910 wakachapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakikuyu chenye picha nyingi. Mapadri wa Consolata kutoka Turin, waliofika Tuthu mwaka 1902, walikuwa wapigapicha hodari. Mwenzao, Padri Cagnolo, alichapisha mwaka 1933 kitabu kuhusu mila za Wakikuyu, nacho kilipigwa chapa papa hapa Nyeri katika kiwanda cha misheni. Tunapaswa kuwashukuru watu hao, kwani bila wao tusingejua nyumba, nguo na mashamba ya enzi ile yalikuwaje. Lakini tusome maelezo yaliyoandikwa chini ya picha za zama hizo. Mara nyingi tunaambiwa kwamba huyu ni mwanamke Mkikuyu, hawa ni vijana wa vita, hiki ni kijiji. Mwanamke huyo alikuwa na jina, na kijiji hicho kilikuwa na jina. Mpigapicha hakuyauliza, au hakuona haja ya kuyaandika. Hivyo mjukuu wa mama yule anaweza leo kuitazama sura ya bibi yake katika kitabu asimtambue.

Ipo pia picha ambayo kila Mkenya aliyesoma ameiona. Ni ile ya Dedan Kimathi akiwa amelala chini, mikono imetiwa pingu, baada ya kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Waliomkamata ndio waliotaka aonekane hivyo, na wakaisambaza picha hiyo ili kuwavunja moyo wafuasi wake. Taifa huru limeigeuza maana yake, likamwona humo shujaa. Hata hivyo, jambo moja halibadiliki: aliyeshika kamera ndiye aliyechagua mahali pa kusimama. Mwanafunzi akilielewa hilo, ameelewa nusu ya somo la historia.

Ndiyo maana napendekeza msafiri asiishie Nyeri mjini wala Nanyuki. Na ateremke kusini hadi Mukurweini, mahali ambapo vitabu vya watalii havipataji. Jina lenyewe ni somo. Mukurwe ni mti, na kiambishi -ini katika Kikuyu hufanya kazi ileile ya -ni ya mahali katika Kiswahili. Mukurweini basi ni mukurweni, penye mti wa mukurwe. Wala pasichanganywe na Mukurwe wa Nyagathanga ulioko Murang'a, ambako masimulizi ya Wakikuyu yanasema ndiko chimbuko la Gikuyu na Mumbi. Mwanafunzi atakayeupiga picha mti wa mukurwe na kuuandikia jina lake amekwisha kuanza kuandika daftari.

Nchi ya Mukurweini ni ya migongo na mabonde, na maji yake huteremka kutoka Nyandarua, yakiwemo ya Mto Gura unaosifika kwa kasi. Kila mgongo una barabara yake juu, na kandokando yake soko, shule, kanisa na maduka ya mawe yaliyoezekwa mabati, baadhi yakiwa na mwaka wa kujengwa uliochongwa juu ya paji la ukuta. Huko mabondeni, karibu na maji, viko viwanda vya kahawa, vyenye mashine ya kumenyea, mabirika ya kuoshea na meza ndefu za kuanikia. Kwa muda mrefu wakoloni waliwazuia Wakikuyu kulima zao hilo. Lilipoenea hapa katika miaka ya 1950 lilijenga nyumba na kulipa karo za watoto wengi. Baada ya mapatano ya kimataifa ya kugawana soko kuvunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na wakulima wengi wakaing'oa mibuni au kuiacha igeuke kichaka. Wengine waligeukia ng'ombe, na mwaka 1990 kikaanzishwa hapa kikundi cha kuuza maziwa ambacho kilikua na kuwa kampuni ya Wakulima. Historia hiyo yote imo katika sura ya bonde moja, kwa mwenye macho ya kuitazama.

Katika eneo hilohilo iko misheni ya Gikondi. Hapo alihudumu katika miaka ya 1920 Sista Irene Stefani, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alifariki mwaka 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni, na mwaka 2015 akatangazwa mwenye heri katika ibada iliyofanyika Nyeri. Watu hufika kwa ajili yake, na ni vyema. Lakini njia alizopita kwa miguu kuvuka migongo ile ni kumbukumbu sawa na kanisa, nazo hazipigwi picha.

Jambo la kutia uchungu zaidi ni lile lisiloonekana upesi. Katika miaka ya 1954 na 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni 1 wa Mkoa wa Kati, Embu na Meru, ikawakusanya katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Baadaye vipande vya mashamba viliunganishwa na kugawanywa upya. Wenye ardhi wakaagizwa kupanda ua kwenye mipaka, ili ionekane katika picha zilizopigwa kutoka kwa ndege, na picha hizo zikatumika kutengenezea ramani za usajili. Kwa hiyo msafiri anayesimama juu ya mgongo akastaajabia mashamba yaliyopangika kama vipande vya leso haoni mandhari ya tangu enzi na enzi. Anaona kazi ya kamera. Yale mahandaki yamefukiwa, na waliokumbuka yalipopita wanaendelea kutuaga mmoja baada ya mwingine. Mwanafunzi akimwomba mzee amwonyeshe mahali lango la kijiji lilipokuwa, akapapiga picha pamoja na mti au mwamba ulio karibu, ameokoa ukurasa ambao ulikuwa unafutika.

Tukirudi Nyeri mjini, tutaona jinsi macho yetu yalivyozoeshwa kutazama upande mmoja. Wageni na wanafunzi hupelekwa kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki hapa tarehe 8 Januari 1941, na hapo karibu pia kaburi la Jim Corbett, mwindaji wa India, aliyefariki mwaka 1955. Hupelekwa kwenye kanisa la Waitaliano lenye mabaki ya askari wao na ya Mwanamfalme wa Aosta, aliyefariki mwaka 1942. Husimuliwa habari za hoteli ya Treetops, ambako Elizabeth alilala binti mfalme usiku wa Februari 1952 akaamka malkia. Hayo yote ni historia na yana haki ya kupigwa picha. Lakini ni wangapi huambiwa kwamba Treetops ile ya kwanza iliteketezwa na Mau Mau mwaka 1954? Ni wangapi hufika Ruring'u, ambako wapiganaji walitoka msituni mwezi wa Desemba 1963, na ambako mahakama ya Waafrika ya wakati wa ukoloni imekuwa jumba la makumbusho? Mnara wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru umesimama katikati ya mji, watu wakiupita kama nguzo ya umeme.

Nasisitiza haya kwa sababu wakati hautungoji. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika Karatina, Nyeri, Nanyuki na vituo vidogo kama Mukurweini, maduka yenye baraza na nguzo yanabomolewa ili kupisha maghorofa ya vioo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaweza kulilinda jengo likitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa turathi ya taifa. Jengo ambalo halikutangazwa liko mikononi mwa mwenyewe, na duka la bidhaa la mgongoni ni nadra kutangazwa. Wapo watakaoniuliza kama nataka watu wabaki katika vibanda vya mabati kwa ajili ya kumbukumbu. La hasha. Mwenye duka ana watoto wa kusomesha, na ghorofa litamletea kodi. Ninachoomba ni kwamba, kabla nyundo haijaanguka, mtu apige picha nne za pande nne, aandike nani alijenga, lini, na pameuzwa nini hapo. Kufanya hivyo hakumzuii yeyote kuendelea.

Je, msafiri afanyeje? Kwanza, aifahamu nuru. Karibu na ikweta jua la adhuhuri huwa utosini, nalo huziua kuta kwa weupe na kuzijaza baraza giza. Saa za kazi ni asubuhi na alasiri. Mlima nao una tabia zake. Aghalabu huonekana alfajiri, na kabla ya saa nne mawingu yamekwisha kuuvika shuka, huku Julai ukungu ukiweza kuuficha kwa siku nyingi mfululizo. Kutoka Nyeri na Mukurweini mlima uko upande wa kaskazini mashariki, si mbali na lichomozapo jua, hivyo wakati wa mapambazuko huonekana kama kivuli chenye meno. Atakaye kuuona ukiwa umeangazwa usoni asubuhi na aende upande wa mashariki, Chogoria. Safu ya Nyandarua, iliyo magharibi ya Nyeri, hupokea nuru hiyo ya asubuhi moja kwa moja.

Pili, asikimbilie kusogea karibu. Picha ya jengo zima pamoja na barabara, mti na jirani yake ina manufaa kuliko picha ya mlango pekee. Baadaye asogee anase bawaba, maandishi ya ukutani na jiwe la msingi. Mtu mmoja akisimama kando ya ukuta, vimo vitajulikana.

Tatu, aandike. Jina la mahali, tarehe, saa, upande aliotazama, na jina la aliyemweleza. Simu inaweza kuhifadhi tarehe, lakini haiwezi kuhifadhi jina ambalo hukuliuliza.

Nne, aombe ruhusa. Mzee aliyeketi barazani si sehemu ya mapambo ya jengo. Anastahili kuamkiwa, kuelezwa nia, na kukataa akipenda. Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatoa ulinzi wa pekee kwa watoto. Kambi za jeshi, ambazo hazikosi pande za Nanyuki, si mahali pa kuelekezea kamera, hata kwa mzaha.

Walimu nao wana nafasi yao. Mtaala wa umilisi unadai wanafunzi watende, si wakariri tu. Basi shule ya Mukurweini, Othaya au Chuka na ianzishe daftari la picha la eneo lake. Najua simu haziruhusiwi mikononi mwa wanafunzi wa bweni, lakini simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima, kwani kazi kubwa ni kuuliza na kuandika. Kila mwaka darasa moja lisimame pale lilipokuwa limesimama darasa lililotangulia, lipige mtaa uleule, bonde lilelile. Mwalimu wa jiografia atapata mabadiliko ya ardhi, wa historia atapata masimulizi, na wa Kiswahili atapata insha za wasifu zisizonakiliwa kutoka vitabuni. Picha chache zilizo bora zisafishwe kwenye karatasi, ziandikwe nyuma kwa penseli, nakala moja ibaki shuleni na nyingine apewe mwenye jengo. Tusiiamini simu peke yake. Simu huibwa, huanguka majini, na miaka ya wanafunzi wengi hupotea siku moja pamoja nayo.

Wageni waliotupiga picha miaka 100 iliyopita walikuwa na haraka ya kurudi kwao, na picha nyingi zilizowahusu babu zetu zimehifadhiwa Turin na London. Sisi hatuna udhuru huo. Tunaishi hapa, lugha za wenyeji tunazijua, na majina ya wazee tunaweza kuyauliza leo wakatujibu. Basi la ziara litakapopanda tena mlima, mwalimu na awagawie wanafunzi wake kalamu kabla hawajatoa kamera.